Stempu za Marekani za karne ya 19 zikiwa bado kwenye bahasha: uingilie 1847, senti 3, za vita, au zilizovuka bahari?

Swali hili linakuja kila mara, mtu ana hela kidogo ya kuchezea, kazipenda hizi stempu za zamani za Marekani na anazitaka zikiwa bado zimebandikwa kwenye bahasha yake ya mwanzo na muhuri juu yake, sio stempu tupu iliyobanduliwa, halafu anakwama kwenye kuchagua maana uwanja ni mkubwa na kila muuzaji anakwambia ya kwake ndo adimu. Hapa nalinganisha pande nne ambazo mtu wa kawaida anaweza kuingia bila kuuza shamba. Zile za mamilioni ya dola naziacha, mfano ile bahasha ya Alexandria ya 1847 yenye stempu ya bluu ambayo 2019 iliuzwa zaidi ya dola milioni moja, hizo tunaangalia picha tu tunapita.

Msimamo wangu nautoa mapema kabisa: usichague kwa kuuliza stempu ipi ni adimu, chagua aina ya bahasha ambayo we mwenyewe unaweza kuisoma kuanzia muhuri mpaka maandishi ya kalamu ukajiridhisha kwamba ile stempu kweli ilisafiri na ile karatasi. Bei itafuata yenyewe.

Senti 5 ya 1847 na senti 3 ya 1851

Hizi mbili ndo watu wanazilinganisha zaidi kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Ya 1847 ndo stempu ya kwanza ya nchi nzima ya Marekani, zilitoka mbili tarehe 1 Julai 1847, ya senti 5 ina Benjamin Franklin rangi ya kahawia-nyekundu na ya senti 10 ina George Washington nyeusi, hazina meno, unakata kwa mkasi. Ya senti 5 ilikuwa ya barua ya nusu wakia isiyozidi maili 300, ikizidi hapo ni senti 10. Tarehe 1 Julai 1851 zikafutwa, yaani baada ya siku hiyo hazilipii tena barua. Ni miaka minne tu. Na ndani ya hiyo miaka minne watu wengi hawakuzitumia kabisa, kwa sababu sheria ilikuwa haikulazimishi kulipia mapema, unaandika barua unaituma na anayeipokea ndo analipa, na wengi waliona hiyo ndo heshima au ndo unafuu sijui. Kwa hiyo za senti 5 ziliuzwa milioni 3 na ushee, za senti 10 laki 8 na ushee, na zilizobaki leo juu ya bahasha ni chache sana ukilinganisha na watu wanaozitaka.

Matokeo yake bei. Bahasha ya senti 5 ya 1847 yenye stempu nzuri, kingo zimebaki pande zote nne, muhuri umekaa vizuri, hiyo ni dola mia kadhaa. Ya senti 10 inapanda zaidi. Ikiwa imekatwa vibaya ukingo mmoja umeliwa basi inashuka, na mi sioni aibu kununua hiyo iliyoliwa kama bahasha yenyewe ina habari.

Sasa ya senti 3. Siku hiyohiyo zile za zamani zilipofutwa, 1 Julai 1851, nauli ilishushwa ikawa senti 3 kwa barua iliyolipiwa mapema mpaka maili 3,000, usipolipia mapema ni senti 5. Hapo watu wakaona bora walipie. Aprili 1855 kulipia mapema kukawa lazima, na kuanzia Januari 1856 ikawa lazima utumie stempu au bahasha ya posta yenye stempu iliyochapwa, kwa hiyo stempu ya senti 3 yenye uso wa Washington ikachapwa kwa mamia ya mamilioni. Bahasha yake leo unaipata kwa dola kumi, kumi na tano, wakati mwingine chini ya hapo ukinunua kwa fungu. Mtu akisikia bei hiyo anaidharau, anaona ni takataka, na hapo ndo namshangaa.

Kwa sababu angalia. Bamba la kuchapia lilikuwa na nafasi 200, kila nafasi stempu moja, na mafundi walizichonga tena kwa mkono ile mistari ya pembeni kwenye kila nafasi, mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna nafasi mbili zinazofanana kabisa. Mabamba ya zile zisizo na meno yalikuwa 9, ila mengine yalichongwa upya, ukihesabu kila hali ya bamba peke yake zinafika 13, piga hesabu ni nafasi 2,600. Daktari mmoja wa Marekani, Carroll Chase, alitumia miaka na miaka kuzitafuta na kuzipanga mpaka leo mtu akiwa na lenzi na picha za kulinganishia anaweza kukwambia stempu yako imetoka bamba gani, mstari wa ngapi. Kwa stempu ya dola kumi!

Halafu kuna rangi. Za miezi ya mwanzo 1851 zina rangi ya machungwa iliyochanganyika na kahawia, baadaye zikawa nyekundu iliyofifia, kila mwaka kiwanda kinachanganya wino tofauti kidogo. Na hii inakuja na tatizo lake tamu: mihuri mingi ya miji wakati ule ilikuwa na siku na mwezi ila haina mwaka. Unashika bahasha imeandikwa mji, halafu "JUL 14", basi. Mwaka utaujua kwa barua iliyomo ndani kama bado ipo, au kwa maandishi ya karani wa duka aliyeipokea, wale walikuwa na tabia ya kuandika pembeni kwa kalamu barua imetoka kwa nani, tarehe gani, imejibiwa lini. Hayo maandishi ambayo mgeni anaona yamechafua bahasha ndo yanayoipa thamani. Ukikuta senti 3 ya rangi ya machungwa na karani kaandika Julai 1851 pembeni, umekaa pazuri, na muuzaji asiyejua kusoma mwandiko anaweza kukuuzia kwa bei ya zile za kawaida.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, 1847 inakupa jina na heshima na kitu cha kuonyesha wageni, senti 3 inakupa shule. Ya kwanza ukikosea unapoteza mia kadhaa, ya pili ukikosea umepoteza hela ya chakula cha mchana. Mi nasema anza na senti 3, nunua nyingi, zichambue, halafu ukishaanza kuona tofauti kwa jicho lako ndo uende 1847.

Feki, maana haziepukiki

Niiweke hapa katikati kwa sababu ndo inayobadilisha chaguo.

Kwa 1847 ujanja wa zamani ni huu: kuna bahasha na barua za kukunja (karatasi ya barua yenyewe inakunjwa ikawa bahasha) kibao za miaka ya 1840 ambazo hazikuwa na stempu, za bei ya kutupa. Mjanja anachukua moja, anachukua stempu ya kweli ya 1847 iliyopigwa mstari wa kalamu badala ya muhuri, anaifua ule wino, anaibandika, halafu anachora kipande cha muhuri kianzie kwenye stempu kiishie kwenye karatasi ili ionekane vimefungwa pamoja. Umelipa mia tano kwa kitu cha ishirini.

Kinga ya kwanza ni nauli. Barua ya New York kwenda Philadelphia, senti 5, sawa. Barua ya New York kwenda New Orleans ina stempu moja ya senti 5? Huko ni mbali zaidi ya maili 300, ilitakiwa senti 10, kwa hiyo uliza iliyobaki ilienda wapi. Pengine imedondoka, pengine haikuwepo, pengine hata hiyo moja haikuwepo. Kinga ya pili ni taa, ile ya zambarau wanayokagulia noti feki inafaa kabisa, wino uliofuliwa unaacha kivuli na gundi ya kisasa inang'aa tofauti. Ya tatu tazama ule mstari wa muhuri unapovuka ukingo wa stempu kuingia kwenye karatasi, rangi iwe ileile, upana uleule, na uhesabu kwamba kuna kimo kidogo pale karatasi ya stempu inapoanza, kwa hiyo muhuri wa kweli mara nyingi unaruka padogo hapo. Mstari uliopita laini bila kukatika kabisa umeniweka na wasiwasi kuliko uliokatika.

Ukizidi dola mia mbili tatu hivi, nunua yenye cheti cha ukaguzi kwamba ni halisi. Wanaotoa vyeti vya kuaminika ni kama Philatelic Foundation ya New York na kile kitengo cha ukaguzi cha chama cha wakusanyaji wa Marekani, APS, kilichopo Bellefonte, Pennsylvania. Angalia picha kwenye cheti ifanane na kitu ulichoshika, na angalia cheti ni cha lini, maoni ya zamani sana yanaweza kubadilika.

Sasa ya senti 3 nani ahangaike kuifoji? Ya kawaida hakuna. Ndo faida yake nyingine.

Za vita: Kaskazini na Kusini

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865 vimeacha bahasha nyingi na nzuri kuangalia, ila pande mbili, Kaskazini (serikali ya Marekani) na Kusini (majimbo yaliyojitenga), ni tofauti sana.

Kaskazini walichapa bahasha zenye picha za kizalendo, bendera, tai, uso wa Lincoln, katuni za Jefferson Davis, rais wa Kusini, ananing'inia kwenye kamba, ziko za rangi mpaka zilizopakwa kwa mkono, mchapaji maarufu alikuwa Charles Magnus wa New York. Kilichochekesha ni kwamba watu walianza kuzikusanya wakati huohuo zikiwa mpya bila kuzitumia. Kwa hiyo zisizotumika zipo nyingi na rahisi, zilizotumika kweli zikiwa na stempu ya senti 3 ya 1861 na muhuri ndo zinapanda bei. Umeshaona mwanya ulipo: bahasha tupu ya kweli, stempu ya kweli, muhuri wa nyumbani.

Kuna habari nyingine nzuri upande huu. Vita ilipoanza, Kusini walikuwa na shehena ya stempu za Marekani kwenye posta zao, serikali ikaogopa zitauzwa kimagendo zigeuke hela, kwa hiyo Agosti 1861 ikaanza kutoa stempu mpya na kuzifuta za zamani. Watu walipewa muda wa kubadilisha ila sio wote walisikia, na posta ya Philadelphia ilikuwa na muhuri wa maneno kabisa unaosema stempu za zamani hazitambuliwi. Bahasha yenye muhuri huo sio ya bei ya kawaida, ila ukiiona mnadani utajua umeona nini.

Kusini sasa. Posta yao ilianza kujitegemea 1 Juni 1861 chini ya waziri wao wa posta John H. Reagan, ila stempu zao za kwanza za nchi nzima zilitoka Oktoba, ya senti 5 ya kijani yenye sura ya Davis. Kati ya Juni na Oktoba kila posta ilijitafutia, wengine waligonga muhuri wa PAID (imelipiwa) na tarakimu, wengine masta wa posta wakajichapia stempu zao, na hizo za masta ndo bei zake hazisemeki. Nauli ilikuwa senti 5 mpaka maili 500 na 10 ikizidi, kuanzia 1 Julai 1862 ikawa senti 10 kote. Karatasi ilipoadimika walitengeneza bahasha kwa karatasi ya kupambia ukuta, ua zuri ndani, anwani nje, au waligeuza bahasha iliyokwisha tumika ndani nje wakaitumia tena, kwa hiyo unafungua unakuta ina stempu mbili, ya nje na ya ndani. Hizo zinaniuma kuziacha kila nikiziona.

Lakini kwa anayeanza mi simshauri Kusini. Vita ilipoisha stempu zao nyingi zilibaki hazijatumika, hasa zile za senti 5 zilizochapwa London na kampuni ya De La Rue, zikauzwa kwa vifungu, na kwa zaidi ya miaka mia watu wamekuwa wakizibandika kwenye bahasha za zamani na kuzigonga mihuri ya kubuni. Stempu ni ya kweli, karatasi ni ya kweli, muungano wao ndo uongo, na hapo hata wazoefu wanabishana.

Jambo jingine la kujua kabla: ukikusanya barua za Kusini, hasa zenye barua bado ndani, utakutana na biashara ya watumwa imeandikwa kawaida tu kati ya bei ya pamba na salamu kwa shangazi, mtu, umri wake, na bei yake. Kuna wanaozikwepa na kuna wanaozitafuta makusudi wazipeleke kwenye kumbukumbu za vyuo. Mi naona zisomwe na zitunzwe, ila usinunue bila kujua unanunua nini.

Kama unataka harufu ya vita bila hatari hiyo, kuna njia ya katikati: barua zilizotumwa kutoka majimbo yaliyojitenga kabla ya 1 Juni 1861, bado zikitumia stempu ya Marekani ya senti 3, ile ya meno iliyoanza 1857. Charleston Machi 1861 kwa mfano, jimbo limeshajitoa tangu Desemba ila posta ni ileile. Inarudi kwenye shule yetu ya kusoma mwaka, bila mwaka ni bahasha ya kawaida, ukiwa na mwaka ni kitu kingine.

Zilizovuka bahari

Hapa ndo moyo wangu ulipo kwa hiyo mnivumilie.

Kuanzia 1849 mpaka mwisho wa 1867 barua ya nusu wakia kati ya Marekani na Uingereza ilikuwa senti 24, na nchi mbili ziligawana kwa mkataba: senti 5 za usafiri wa ndani Marekani, 16 za meli, 3 za ndani Uingereza. Sasa swali ni meli ya nani. Kama barua imelipiwa Marekani na imepanda meli iliyo na mkataba na Waingereza, kina Cunard (kampuni ya meli ya Uingereza), basi Marekani inabaki na 5 tu na inadaiwa na Waingereza 19. Kama imepanda meli ya mkataba wa Marekani, inabaki na 21 na inadaiwa 3. Karani wa New York au Boston anagonga hiyo namba kwa wino mwekundu juu ya bahasha, "19" au "3". Wino mwekundu ni iliyolipiwa, mweusi ni ya deni inayokusanywa kule mbele.

Kwa hiyo unachukua bahasha ina stempu ya senti 24 ya 1861, ile ya zambarau nyepesi, na ina 19 nyekundu. Unajua papo hapo ilipanda meli ya mkataba wa Uingereza, unaangalia tarehe ya New York na tarehe ya kufika London au Liverpool upande wa pili, unaenda kwenye orodha za safari za meli unaipata mpaka jina la meli. Na mfoji anayetaka kuongeza stempu kwenye bahasha ya aina hii ana kazi, maana stempu ya 24 kwenye bahasha iliyogongwa namba nyeusi ya deni inajikana yenyewe. Ni kama stakabadhi ya dukani yenye hesabu yake, ukijumlisha haifiki unajua kuna kitu.

Za Ufaransa nazo, mkataba wa 1857, senti 15 kwa kila robo wakia, ni raha zaidi ila zinachosha kichwa mwanzoni. Bei? Ya kawaida ya senti 24 kwenda Uingereza inacheza chini ya dola mia au inapita kidogo kutegemea stempu imekaaje, rahisi kuliko 1847 na ina habari mara tatu. Mwaka 1868 nauli ikashuka mpaka 12 na 1870 ikawa 6, kwa hiyo kipindi kina mpaka unaoeleweka, unajua mkusanyiko unaanzia wapi na kuishia wapi.

Kwa mbali zaidi bei zinapaa. Bahasha pekee inayojulikana yenye stempu ya senti 90 ya toleo la 1869 ilikwenda Calcutta, kwenye kampuni ya barafu, ikaibiwa Indianapolis 1967 na haikuonekana mpaka 2006 ilipoibuka Chicago. Na wa kwetu wasiulize Zanzibar wakitegemea stempu: konsuli wa Marekani alikuwepo Unguja tangu 1837 na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliandikiana na watu wao kila meli ikiondoka, ila barua hizo kwa kawaida zilipewa nahodha mkononi na zilipofika Marekani zikagongwa muhuri wa meli na kulipiwa na mpokeaji. Nyingi zipo kwenye makumbusho na maktaba za Massachusetts. Ni historia kubwa, sio mkusanyiko wa stempu.

Sasa we uchukue nini

Una dola hamsini na hujawahi kushika hata moja: fungu la senti 3, zisizo na meno, usijali uchafu, jali mihuri inayosomeka na maandishi ya karani. Una dola mia tatu na umeshajifunza: mbili au tatu za senti 24 zenye namba tofauti, moja 19, moja 3, na moja isiyolipiwa ya deni ili uone tofauti ya wino. Una zaidi na unataka ya 1847, chukua moja tu yenye cheti na usiiguse tena. Picha za bendera za Kaskazini ni kwa mtu anayependa kuangalia kuliko kusoma, na sio dhambi. Kusini subiri.

Na kama unakaa pwani, Dar, Mombasa, Tanga, unyevu ni adui kuliko mfoji. Usitumie zile plastiki laini zinazonuka, tafuta mifuko isiyo na asidi, weka kabatini mbali na ukuta wa nje, usibandike selotepu popote hata kama bahasha imechanika, na zile barua za kukunja usizifungue na kuzifunga kila mgeni akija maana zinakatika kwenye mikunjo, piga picha za ndani mara moja halafu onyesha simu.